Sura ya Sita: Mangi, Niandikie

Mwishoni mwa Julai 2023 watu walipanga foleni ndefu kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC, katikati ya Nairobi, wengine wakisimama saa nyingi juani. Mbele ya foleni kulikuwa na kifaa cha mviringo, kinang'aa kama mpira wa chuma. Unakitazama, kinapiga picha mboni za macho yako, kisha unaandikiwa kwenye simu tokeni 25 za Worldcoin, sarafu mpya ya kidijitali iliyoanzishwa na Sam Altman na wenzake. Kwa bei ya siku zile tokeni hizo zilikuwa kama shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha zoezi, na mjadala ukahamia kwenye macho: nani kazichukua picha zetu, na atazifanyia nini? Ulikuwa mjadala wa haki, na ulifika hadi Mahakama Kuu.

Mimi nilibaki na swali jingine. Waliopokea zile tokeni walizifanyia nini? Wengi walitafuta haraka mtu wa kuwabadilishia. Tokeni zikaondoka, shilingi zikaingia M-Pesa, na shilingi zikaenda kule zinakokwenda siku zote: unga, kodi ya nyumba, karo. Sikusikia mtu aliyekwenda soko la Gikomba na Worldcoin kununua viatu. Hata waliozihifadhi walifanya hivyo wakingoja bei ipande, kama mkulima anayefunga ghala la mahindi akisubiri Februari.

Jambo hilohilo lilikuwa limeshatokea mbali na kwetu, tena kwa ukubwa wa nchi nzima. Tarehe 7 Septemba 2021 El Salvador ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuifanya Bitcoin fedha halali. Rais Nayib Bukele alipeleka bungeni sheria iliyomtaka kila mfanyabiashara aipokee akiwa na uwezo wa kufanya hivyo. Serikali ikatoa programu ya simu iitwayo Chivo, na kila raia aliyejiandikisha akatiliwa Bitcoin ya dola 30. Sababu zilikuwa nzito. Nchi ile inatumia dola ya Marekani tangu 2001, haina sarafu yake. Raia wake wengi hawakuwa na akaunti ya benki. Na zaidi ya sehemu moja ya tano ya pato la taifa hutumwa na ndugu walioko ughaibuni, ambao hukatwa ada kila wanapotuma. Kama kuna mahali ambapo Bitcoin ilistahili kuwa fedha ya sokoni, ni pale.

Watu wakachukua dola 30. Wachumi waliofanya utafiti nyumba kwa nyumba walikuta kwamba wengi wa walioipakua Chivo waliitumia zawadi ile, kisha wakaiacha programu ilale kwenye simu. Fedha za ughaibuni ziliendelea kupita njia za zamani. Zilizopitia pochi za Bitcoin hazikufika hata asilimia 2. Januari 2025, baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mkopo wa dola bilioni 1.4, bunge likabadili sheria: hakuna mfanyabiashara anayelazimika kuipokea tena. Jamhuri ya Afrika ya Kati, iliyoiga hatua hiyo Aprili 2022, ilikuwa imesharudi nyuma mwaka mmoja tu baadaye.

Nairobi walipewa bure, wakauza. San Salvador walipewa bure, wakatumia mara moja na kuacha. Kwa watu wanaojua kubana senti, huo si ujinga wala woga wa teknolojia. Wakenya walikubali M-Pesa ilipoanza Machi 2007 bila kusukumwa na sheria yoyote. Lazima kuna kitu walichokiona.

Nilianza kukielewa kitu hicho dukani. Jirani yetu mwenye duka tunamwita Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wengi wa Dar es Salaam, awe Mchaga au asiwe. Juu ya dirisha la nondo amebandika karatasi: Leo kukopa hakuna, njoo kesho. Chini ya kaunta, karatasi hiyo ikiwa inaning'inia palepale, ana kaunta buku lenye jalada gumu, kona zimelika, kalamu imefungwa kwa uzi. Siku moja nikisubiri chenji aliliacha wazi. Kila mteja ana ukurasa wake. Unga kilo 2. Mafuta ya kupima, robo. Sabuni kipande. Mbele ya kila mstari kuna tarakimu tupu, 2,800, 1,500, 700, bila alama ya shilingi, maana hakuna atakayeuliza ni 2,800 za nini. Mistari iliyolipwa imepigwa wino mwekundu.

Tangu siku ile kipimo changu kimekuwa hicho. Kununua peke yake hakutoshi kukifanya kitu kuwa fedha. Mbuzi hununua, kiwanja hununua, hata kochi lililochakaa likipata mwenye shida nalo. Fedha ya kila siku ni ile ambayo watu wanakubali kudaiana kwayo. Mpangaji na mwenye nyumba, fundi na msaidizi wake, kina mama wanaocheza mchezo kila Jumapili, mjomba anayesubiri mahari imaliziwe: wote hawa wana ahadi ya kesho, na ahadi ya kesho haisimami mpaka pande zote mbili ziamini kwamba kesho zitakikuta kitu kilekile kilichoahidiwa.

Sasa mwambie Mangi aandike deni kwa Bitcoin. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Mteja aliyekopa mchele wa laki mbili katika Novemba ya kwanza angelifuta deni Novemba ya pili kwa kama elfu hamsini, na Mangi angefunga duka. Mteja mwingine akakopa wa laki mbili mwishoni mwa 2022, akabanwa na maisha, akachelewa kulipa hadi Desemba 2024, Bitcoin ilipovuka dola 100,000. Huyo sasa anadaiwa kama milioni moja na laki mbili kwa mchele ulioliwa zamani. Wote ni watu waaminifu, hakuna aliyedhulumu, na bado mmoja amefilisika na mwingine hapiti tena mtaa ule.

Mtetezi wa Bitcoin atasema shilingi nayo huliwa. Ni kweli, na aliyeishi Tanzania ya miaka ya 1980 hahitaji kusimuliwa. Lakini mfumuko wa bei, katika nyakati za kawaida, humla Mangi polepole na kwa upande unaojulikana. Anapandisha bei ya unga kidogo kidogo na anaendelea kukopesha. Kinachoua kukopeshana ni kutojua kabisa bei itaelekea wapi.

Kuna kisa ambacho wapenzi wa Bitcoin hukisherehekea kila mwaka. Tarehe 22 Mei 2010 Laszlo Hanyecz, mtaalamu wa kompyuta wa Florida, alitoa Bitcoin 10,000 akapata piza mbili. Husimuliwa kama manunuzi ya kwanza ya kitu halisi. Ukikisoma taratibu utaona jambo ambalo sherehe hulipita haraka: mwenye mgahawa hakupokea Bitcoin hata moja. Kijana mwingine, Jeremy Sturdivant, alizichukua zile 10,000, na yeye ndiye aliyeagiza piza akilipa kwa fedha za kawaida. Kwa hiyo kilichouzwa siku ile ni Bitcoin, na kilicholipia piza ni dola. Foleni ya KICC ilifanya vilevile miaka 13 baadaye.

Na kwa nini watu humhurumia Hanyecz? Kwa sababu zile Bitcoin leo zingekuwa mamia ya mamilioni ya dola. Huruma hiyo inaeleza kila kitu. Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo hatumjui ni nani, aliweka kikomo: Bitcoin hazitazidi milioni 21 kamwe, na zinazotolewa kama ujira kwa wanaolinda mtandao hupungua nusu kila baada ya takriban miaka minne. Wengi waliipenda kwa sababu hiyo, kwamba hakuna gavana wala waziri atakayechapisha nyingine. Lakini ukishaamini kwamba kitu ulicho nacho kitapanda, kukitoa leo kwa ajili ya chakula cha jioni ni hasara, na kila aliyekitoa anakuwa mfano wa kuchekwa. Fedha inayomfanya mwenye kuitumia aonekane amekosea haiwezi kuzunguka sokoni. Itakaa sandukuni.

Pwani yetu inaujua ugonjwa wa upande wa pili. Kauri zilikuwa fedha Afrika Magharibi kwa karne nyingi, zikitoka zaidi visiwa vya Maldivi. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, akina O'Swald miongoni mwao, waligundua kwamba Zanzibar na mwambao wake kulikuwa na kauri kubwa kidogo, za bei ya chini mno. Wakazipakia kwa tani na kuzimwaga Lagos na Ouidah. Kauri zikawa nyingi, thamani ikaporomoka, hadi kubeba za kununulia kitu cha maana ikawa kazi ya mpagazi. Ziliuawa na wingi. Bitcoin ina tatizo la kinyume, na sandukuni ni mbali na sokoni vilevile.

Kasi nayo ni kikwazo, ingawa si kikubwa kama kinavyosemwa. Mtandao wa Bitcoin wenyewe huandika kama miamala 7 kwa sekunde, yaani laki sita kwa siku, kwa dunia nzima. Dar es Salaam ilihesabiwa watu milioni 5.38 mwaka 2022. Kama jiji hili pekee lingeutumia mtandao wote, kila mtu angepata zamu ya kulipa mara moja kila siku 9. Ada nazo hupanda msongamano unapokuwa mkubwa. Desemba 2017 wastani ulipita dola 50 kwa muamala mmoja. Mafundi wamelishughulikia hilo. Tangu 2018 upo mtandao wa Lightning, unaopitisha malipo madogo kwa sekunde na kwa ada ndogo sana, na Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini alitengeneza Machankura, inayomwezesha mtu kutuma Bitcoin kwa simu ya kitochi bila intaneti. Kibera wapo vijana wa kuzoa taka waliolipwa kwa njia hizi, na wapo wauza mboga wanaopokea. Nawaheshimu. Lakini Lightning imeharakisha kulipa, haikutuliza bei, na deni la mchele wa Mangi linabaki palepale.

Hapa niseme bila kuzunguka. Kununua kitu ukitarajia bei yake ipande si dhambi. Watu hununua viwanja Kigamboni kwa tumaini hilohilo. Kinachoniuma ni kumwambia kijana kwamba ananunua fedha ya kesho, wakati anaingia kwenye kamari ya bei. Jina hilo la "fedha" ndilo lililowafungulia mlango wezi. Tanzania tulikuwa na upatu wa DECI kati ya 2007 na 2009, watu wakapanda mbegu na kuvuna, mpaka waliokuja mwisho wakakosa. Ruja Ignatova alipouza OneCoin dunia nzima, Uganda ikiwemo, alikuwa anauza upatu uleule uliovishwa neno sarafu. Alitoweka Oktoba 2017 na hajaonekana tena. Waliopoteza walikuwa wanatafuta pa kuweka akiba, na waliambiwa hii ni fedha.

Je, teknolojia ya sarafu za kidijitali haiwezi kabisa kuwa fedha ya sokoni? Inaweza, na ushahidi uko Mombasa.

Mikindani kuna mtaa wa mabati unaoitwa Bangladesh. Mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo wa pale, wakisaidiwa na Mmarekani Will Ruddick, walianza kutumia karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Wazo lilitokana na jambo ambalo kila mama mandazi analijua: kuna siku shilingi hazipo mtaani ingawa bidhaa zipo. Sukuma wiki za muuza mboga zinanyauka. Mshonaji ameketi kwenye cherehani, hana kitambaa cha mtu. Mandazi yamebaki nusu beseni. Mama mandazi anataka sketi ya shule ya mtoto, mshonaji anataka mboga, muuza mboga hajanywa chai tangu asubuhi. Kila mmoja ana kitu anachokihitaji mwenzake, na wote watatu wamekwama kwa sababu noti ya 50 haijapita.

Karatasi ile ndiyo iliyopita badala ya noti. Mwanachama alidhaminiwa kwanza na wenzake, kisha akapewa kiasi sawa na wengine. Mama mandazi alipoitoa kwa mshonaji alikuwa anasema kwa maandishi: mtaa huu una mandazi yangu, njooni mtachukua. Yaani lilikuwa kaunta buku la Mangi lililochanwa kurasa, kila ukurasa ukatembea. Polisi waliona fedha bandia. Ruddick na baadhi ya wanachama walikamatwa na kushtakiwa kwa kughushi, na kesi ikaondolewa Agosti mwaka uleule.

Miaka michache baadaye karatasi ziligeuka tokeni kwenye blokicheni, yaani daftari la pamoja ambalo nakala yake iko kwenye kompyuta nyingi na mtu mmoja hawezi kufuta mstari. Zikaitwa Sarafu. Mtumiaji hakuhitaji kujua neno blokicheni; alibonyeza nyota, namba na reli kwenye mulika mwizi yake, kama anavyoangalia salio. Wakati wa korona, 2020, zilizunguka Mukuru, Nairobi, kwa ushirikiano na Msalaba Mwekundu, na Kinango katika Kaunti ya Kwale zikashikamana na vyama vya akina mama na kazi za kusaidiana shambani. Makumi ya maelfu ya watu walizitumia, zaidi kwa chakula na vibarua.

Jambo moja katika muundo wake lilinifungua macho. Sarafu iliyokaa bila kutumika ilikatwa kidogo kila mwezi. Kuificha kulikuwa hasara. Kuipitisha kwa jirani kulikuwa faida. Bitcoin imejengwa kinyume kabisa. Na Sarafu haikuahidi mtu utajiri. Hukuweza kununua simu kwa Sarafu, wala kujaza petroli; mwenye nyumba anayeishi mtaa mwingine hakuitaka. Iliishia pale uaminifu wa mtaa ulipoishia, na misaada ilipopungua nayo ilidhoofu. Bado, ndani ya mipaka hiyo, ilifanya kazi ya fedha: mtu alikula leo kwa ahadi ya kazi ya kesho.

Kati ya Sarafu ya Kinango na Bitcoin ya sandukuni kuna kitu cha tatu, na hicho ndicho nakiona kila wiki kwa macho yangu: USDT, tokeni inayoahidi kuwa sawa na dola moja daima. Waagizaji wa bidhaa kutoka China huitumia, na vijana wanaofanya kazi za kompyuta kwa wateja wa nje hulipwa kwayo. Ahadi za namna hii huvunjika pia. Tokeni ya Terra iliyodai kuwa dola moja iliporomoka Mei 2022 ikaangamiza makumi ya mabilioni ya dola. Machi 2023 USDC, tokeni nyingine ya namna hiyo, ilishuka kwa muda mfupi chini ya senti 90, baada ya benki iliyotunza sehemu ya akiba yake kuanguka. Na kampuni inayotoa USDT inaweza kuifungia pochi yako ikitaka. Ni dola ya Marekani iliyopanda chombo kingine. Watu wa pwani, waliotuma fedha kwa hawala kabla benki haijafika, wataitambua mara moja: hii ni njia ya kupitishia fedha, na njia si soko. Serikali yenyewe imezitaja tokeni hizi kwa jina ililolichagua. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kuwa fedha. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa "mali za kidijitali". Mali.

Kijana wa nyumba ya pili kutoka kwetu hutengeneza tovuti. Jioni moja alikuwa kibarazani, mteja wake wa nje kamlipa USDT 60, na alikuwa anaziuza, kwenye soko la mtandaoni, kwa mtu asiyemjua aliyeko mkoa mwingine. Aliniruhusu nitazame. Tokeni zake zilikuwa zimefungwa na soko lenyewe mpaka athibitishe. Juu ya kioo dakika 15 zilikuwa zinahesabiwa kurudi nyuma. Ujumbe ukaingia: umepokea. Hakugusa kitufe. "Bro mkubwa, meseji zinatengenezwa," akaniambia, "mimi naangalia salio." Akaangalia salio. Shilingi zilikuwemo kweli, laki moja na nusu na ushee. Hapo ndipo akabonyeza kuachia, na kidole kilikuwa kizito, kwa sababu ukikosea namba kwenye M-Pesa kuna wa kumpigia, lakini ukiachia tokeni kwa mwizi hakuna ofisi ya kwenda.

Akavaa ndala, tukashuka wote hadi dukani. Kulikuwa na wateja wawili mbele yake, akangoja. Zamu yake ilipofika alisema, "Shikamoo Mangi, nisomee."

Mangi akalivuta kaunta buku, akapitisha kidole. "Marahaba. Thelathini na nne mia tano."

Kijana akalipa kwa simu, Mangi akasubiri mlio, akachukua kalamu nyekundu akaupiga ukurasa mistari mitatu. Kabla hajalifunga kijana akaegemea dirisha. "Na mkate mmoja, Mangi. Huo niandikie."